Kazi mpya Dar es Salaam: daladala, mwendokasi, treni au kivuko?

Ukishasaini mkataba wa kazi, jambo linaloamua kama utaifurahia kazi hiyo ni njia ya kufika. Wengi huuliza, "Ni dakika ngapi kutoka kwangu?" Swali hilo halina jibu moja Dar es Salaam. Safari ya Gongo la Mboto hadi Posta, katikati ya mji, inaweza kuisha chini ya saa moja siku ya Jumapili, ikala saa mbili na zaidi Jumatatu ya mvua. Bosi wako hakuoni Jumapili. Kwa hiyo linganisha usafiri kwa siku yake mbaya: gari likikosekana, mvua ikinyesha, foleni ikikaza, utafika saa ngapi?

Jambo la pili ambalo watu hulipuuza ni kwamba kwenda na kurudi ni safari mbili tofauti. Asubuhi wewe na majirani zako mnagombania magari yanayotoka upande mmoja. Jioni mji mzima unatoka sehemu moja kwa wakati mmoja. Usafiri unaofaa saa 12 asubuhi unaweza kuwa mbaya kabisa saa 11 jioni, na hakuna ubaya kuwa na njia moja ya kwendea na nyingine ya kurudia.

Jinsi ya kupima

Fanya jaribio Jumatatu au Jumanne, kwa saa ileile utakayoitumia ukianza kazi. Jaribio la Jumamosi halikufundishi kitu. La Juni au Desemba shule zikiwa zimefungwa nalo litakudanganya, kwa sababu mabasi ya shule na magari ya wazazi hayapo barabarani; yakirudi, hesabu yako yote inavurugika. Mwezi wa Ramadhani foleni ya jioni huanza mapema kuliko kawaida kwa sababu watu wanawahi futari, kisha barabara hupungua magari baada ya magharibi.

Andika nyakati nne: ulipofunga mlango, ulipofika kituoni, ulipopata gari, na ulipofika mlango wa ofisi. Pengo kati ya wakati wa pili na wa tatu ndilo linalosahaulika. Ramani ya kwenye simu inaweza kukuonyesha muda wa gari kutembea, lakini haikuambii kwamba magari matatu yatapita yamejaa kabla ya kupata lenye nafasi. Kila mahali pa kuunganisha gari panaleta pengo lingine la namna hiyo, ndiyo maana gari moja la dakika 70 mara nyingi linashinda magari mawili ya dakika 25 kila moja.

Daladala

Daladala ndiyo inayofika karibu kila kona, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Gari moja likiharibika, lingine linakuja. Barabara ikifungwa, dereva anatafuta njia ya vichochoroni. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, vilivyoanza Desemba 2023, nauli ya mtu mzima kwa ruti isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600, na ruti ndefu zinapanda kwa hatua kadiri ya kilomita.

Kosa la kwanza hapa ni kudhani kwamba kukaa karibu na mjini ni bora siku zote. Gari linalotoka Mbagala Rangi Tatu linajaa palepale Rangi Tatu. Anayeishi Kizuiani au Mtoni kwa Aziz Ali yuko karibu zaidi na Kariakoo, lakini asubuhi anayaona magari yakimpita yamefungwa mlango. Wa Rangi Tatu anapanga foleni au anasukumana, ila akipanda anaweza kupata siti na kulala hadi mjini. Kama bado unatafuta chumba cha kupanga, nyumba iliyo umbali wa kutembea kutoka mwisho wa gari ina thamani kuliko iliyo katikati ya njia, hata kama ya katikati iko kilomita 5 karibu zaidi.

Wanaokaa katikati ya njia wana dawa yao: kugeuza na gari. Unapanda gari linaloelekea mwisho wa ruti, unalipa, unabaki kwenye siti yako likigeuka kurudi mjini, unalipa tena. Inakugharimu nauli ya pili na dakika kadhaa za ziada, lakini unakwenda umekaa, na uhakika wa kufika unapanda sana. Inafaa zaidi kama kituo chako kiko vituo viwili au vitatu kutoka mwisho. Ukiwa mbali zaidi ya hapo, muda unaopotea haulipi.

Jioni tatizo linabadilika. Gari limeandikwa Gongo la Mboto, konda anaita Gongo la Mboto, lakini foleni ikikaza dereva anawashusha Buguruni au Tazara na kugeuza kurudi mjini kubeba wengine. Huko ni kukatisha ruti, ni kosa kwa masharti ya leseni, na hutokea hasa siku ambazo abiria ni wengi kuliko magari. Kabla ya kulipa uliza mbele ya abiria wenzako, "Unafika mwisho?" Konda akijikanyaga, subiri lingine. Akisema ndiyo kisha akawashusha njiani, usiwe wa kwanza kushuka kimya. Abiria wakidai nauli yao pamoja mara nyingi wanarudishiwa.

Uliza pia gari linapitia wapi. Magari mawili yenye mwanzo na mwisho mmoja yanaweza kupita barabara tofauti, na ofisi yako ikiwa katikati ya ruti, tofauti hiyo ni kilomita mbili za kutembea kwa miguu. Na kwa mambo madogo: tembea na sarafu za 100 na 200 na noti ndogo, kwa sababu noti ya 10,000 saa 12 asubuhi itakuletea ugomvi na konda au utashuka bila chenji. Simu isiwe mfuko wa nyuma wakati wa kugombania mlango. Vibaka hufanya kazi pale mlangoni, wakati mikono yako yote iko juu.

Mwendokasi

Mabasi yaendayo haraka yalianza kubeba abiria Mei 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, yakiwa na matawi ya Gerezani upande wa Kariakoo na Morocco upande wa Kinondoni. Njia yao iko katikati ya barabara, imetengwa kwa ukingo, hivyo basi likishaondoka foleni ya magari binafsi haliihusu. Kwa dakika za barabarani, hakuna daladala inayoweza kushindana nalo kwenye njia hiyo.

Tatizo ni kwamba foleni imehama kutoka barabarani ikaingia kituoni. Idadi ya mabasi haikwenda sambamba na idadi ya abiria, na saa za asubuhi Kimara kituo kinafurika. Unapopima, muda wako uanzie pale unapoingia kwenye mstari wa tiketi, usisubiri basi liondoke. Wanaoishi Korogwe, Bucha na Baruti mara nyingi hurudi nyuma Kimara kwanza ili wapate nafasi. Wa Manzese na Magomeni asubuhi wanalipata basi likiwa limejaa tangu mwanzo, na kwao daladala za njia za pembeni zinaweza kuwa na nafuu.

Soma kibao cha mbele ya basi kabla ya kupanda. La Gerezani linakata kuelekea Kariakoo na halifiki Posta. La Morocco linaacha Barabara ya Morogoro pale Magomeni. Mengine husimama kila kituo na mengine huruka vituo, na aliyepanda la kuruka akiwa anashukia Usalama atajikuta ametupwa mbele. Ukikosea, shuka kituo kinachofuata ungoje linalofaa bila kutoka getini, kwa kuwa nauli umeshalipa ulipoingia.

Mvua kubwa ina jina moja kwenye njia hii: Jangwani. Bonde la Msimbazi likijaa maji, barabara pale hufungwa na mabasi hukatisha safari kabla ya kuvuka. Hali hiyo imejirudia mara nyingi wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na hata vuli za mwisho wa mwaka. Aliyezoea mwendokasi pekee siku hiyo anabaki upande wa Magomeni akiutazama mji. Ndiyo maana mkazi wa Kimara au Ubungo anapaswa kujua njia ya pili mapema: kutoka Ubungo kwa Barabara ya Mandela hadi Buguruni, kisha Barabara ya Uhuru kuingia Kariakoo. Ni ndefu na ina malori ya bandarini, lakini hailitegemei daraja la Jangwani.

Kuna udhaifu mwingine wa kimuundo. Daladala ni za wamiliki wengi. Mmoja akigoma au kufilisika, wengine wanaendelea. Mwendokasi inategemea mtoa huduma, vituo na mfumo mmoja wa tiketi kwa njia nzima, kwa hiyo kikikwama kimoja, kinakwama kila kitu. Tena daladala za Barabara ya Morogoro ziliondolewa kupisha mabasi hayo, basi mbadala wa karibu unaweza kukosekana.

Kwa wanaotafuta nyumba: awamu ya pili ni ya Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, ya tatu Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, na ya nne Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Dalali atakuambia "mwendokasi inapita hapa" na kuongeza kodi. Nenda kituoni saa 12 na nusu asubuhi, uhesabu mabasi yanayopita kwa nusu saa, uangalie na nafasi ndani yake. Zege peke yake halikufikishi kazini.

Treni

Treni ya mjini ilianza Oktoba 2012 kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, na watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Baadaye ikaja njia ya Pugu. Faida yake ni rahisi kueleza: reli haina foleni ya magari. Hasara yake nayo ni rahisi: safari ni chache, zimepangwa kwa ajili ya asubuhi na jioni, na ikikuacha huna nyingine ya baada ya dakika 5. Inamfaa anayeishi umbali wa kutembea kutoka kituo cha treni na anayefanya kazi karibu na Stesheni au Kamata, mwenye saa za kazi zisizobadilika. Ukilazimika kupanda bajaji ili uifikie treni, kisha daladala ukishuka, nafuu yote imeshaisha. Chukua ratiba ya wiki husika kituoni kabla ya kuitegemea.

Wapo wanaopiga hesabu ya kuishi Morogoro na kufanya kazi Dar kwa treni ya SGR, iliyoanza safari Juni 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 13,000 kwa safari moja. Kwenda na kurudi kwa siku 22 ni shilingi 572,000 kwa mwezi, na bado hujalipa usafiri wa kufika stesheni kila upande. Kwa mara mbili kwa wiki inaweza kueleweka. Kwa kila siku, chumba cha kupanga Dar ni rahisi zaidi.

Kigamboni: kivuko au daraja

Hapa uamuzi unategemea upande gani wa mji kazi yako ilipo. Kivuko cha Magogoni kinavusha kwa dakika chache, nauli ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200, na ukishuka uko mlangoni mwa Kivukoni. Ofisi za Posta na Mtaa wa Samora unazifikia kwa miguu. Kwa kazi za maeneo hayo hakuna njia ya bei hiyo inayokaribia.

Kazi ikiwa Kurasini, bandarini, Chang'ombe, Temeke au Barabara ya Nyerere, panda gari linalopita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016. Kuvuka kwa kivuko kisha kutafuta daladala ya kurudi kusini kutoka Kivukoni ni kuzunguka bure.

Kinachoharibika kwenye kivuko ni idadi ya vyombo. Kimoja kikienda matengenezo, kilichobaki kinabeba watu wote na mstari wa Magogoni jioni unakuwa mrefu kupita safari yenyewe. Mkazi wa Kigamboni anayefanya kazi Posta ajue kituo na nauli ya gari la darajani, aweke kama njia ya akiba.

Bodaboda na bajaji ndizo zinazokula mshahara

Kipande kifupi cha kutoka nyumbani hadi barabara kuu ndicho kinachobadilisha bajeti nzima. Linganisha, ukichukua nauli ya 600 kwa kila daladala, 200 ya kivuko na bodaboda ya 1,000:

| Njia | Kwa siku, kwenda na kurudi | Kwa siku 22 |
|---|---|---|
| Daladala moja | 1,200 | 26,400 |
| Kivuko na daladala moja | 1,600 | 35,200 |
| Daladala moja, asubuhi unageuza nalo | 1,800 | 39,600 |
| Daladala mbili | 2,400 | 52,800 |
| Bodaboda na daladala moja | 3,200 | 70,400 |

Weka nauli halisi za kwako. Anayefanya kazi hadi Jumamosi azidishe kwa 26. Mstari wa mwisho unafika 83,200. Utaona kwamba kilomita moja na nusu za bodaboda zinagharimu kuliko safari yote ya mjini. Kama njia ni salama asubuhi, tembea kwenda na upande bodaboda wakati wa kurudi tu, giza likiwa limeingia; umeokoa 22,000 kwa mwezi. Bajaji za kuchangia, abiria watatu kila mmoja na sehemu yake, ni nafuu kuliko bodaboda ya peke yako, ila zinasubiri zijae. Mkubaliane bei na dereva mmoja unayemjua mtaani kwako, umlipe kwa wiki. Na kofia ngumu ivae wewe pia, iwe na kamba inayofungwa.

Ukiweka maeneo sambamba

Kimara, Ubungo au Mbezi kwenda Posta: mwendokasi ni ya kwanza, mradi uwe na njia ya Mandela kwa siku za mvua. Mbezi kwenda Mwenge au Mikocheni: usiende hadi mjini. Tafuta gari la kituo cha Makumbusho au cha Simu 2000, kisha unganisha.

Gongo la Mboto kwenda Posta: daladala la moja kwa moja ukiondoka kabla ya saa 12 asubuhi, au treni kama kituo kiko karibu nawe. Kinachouma kwenye Barabara ya Nyerere ni kuondoka saa 12 na nusu; nusu saa hiyo ya usingizi unailipa kwa saa nzima barabarani.

Mbagala kwenda Mikocheni au Masaki ni safari ngumu kuliko zote hapa, kwa sababu unaukata mji mzima. Gari la Mbagala hadi Makumbusho linakuepusha kuunganisha Kariakoo, na hata likiwa la taratibu ni afadhali kuliko kugombania mara mbili. Kazi ya namna hii ndiyo inayostahili kukufanya ufikirie kuhama.

Kuna kundi lenye bahati ambalo halijijui: anayeishi Ilala, Buguruni au Kariakoo na kufanya kazi kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere au Ubungo. Asubuhi anakwenda kinyume na umati, magari yanarudi matupu kufuata abiria, na siti ipo. Mshahara mdogo kidogo wenye safari kama hiyo unaweza kuwa bora kuliko mkubwa unaohitaji magari matatu.

Yazungumze kabla hujaanza

Muulize mwajiri kama kuna gari la wafanyakazi, linapita barabara ipi, na linasubiri kwa dakika ngapi. Uliza kama posho ya usafiri ni fedha taslimu au imemezwa ndani ya mshahara. Kama kazi inaruhusu, omba kuingia saa 1 na kutoka saa 9 alasiri, au kuingia saa 3. Kusogeza saa moja kunabadilisha safari kuliko kubadilisha usafiri, na maofisa rasilimali watu wengi hukubali jambo hilo kwa urahisi zaidi kuliko kuongeza posho.

Kwa zamu za usiku, mazungumzo hayo ni ya lazima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi na kumpa mfanyakazi nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa kila saa ya usiku. Kwa mishahara mingi, nyongeza hiyo haifikii bei ya bajaji ya saa 5 usiku. Zamu inayoisha wakati huo inataka gari la kampuni au mahali salama pa kulala kazini hadi alfajiri, na liandikwe kwenye mkataba. Zamu inayoanza saa 12 asubuhi nayo ijaribu kwa miguu yako mwenyewe saa 10 na nusu alfajiri: angalia taa za mtaa, angalia kama kuna watu kituoni, na uone gari la kwanza linapita saa ngapi.